Mari, glukosi au tangawizi: biskuti ipi inaivumilia chai ya Arusha?

Ingia duka lolote la Mangi, iwe Sakina, Ngarenaro au Majengo kule Moshi. Nyuma ya kaunta kuna biskuti za aina tano au sita, zimebanwa kati ya majani ya chai na sabuni ya unga. Wengi huchagua kwa bei. Anayekula kavu hana shida. Anayechovya aangalie kwingine kwanza, kwa sababu biskuti ya bei poa inayozama kikombeni kila ukiichovya mara ya pili ni ghali kuliko ile inayofika mdomoni nzima.

Kipimo hapa ni chai inayonyweka huku kila siku: ya maziwa, imechemshwa pamoja na majani na tangawizi, imetiwa kwenye chupa, halafu ikamiminwa kwenye kikombe cha robo lita na sukari vijiko viwili. Chai ya rangi na kahawa zitatajwa pale zinapobadilisha matokeo.

Mari ndiyo namba moja, na haishindi kwa utamu. Ni nyembamba, mafuta yake machache, na unga wake hukandwa zaidi kuliko wa biskuti zinazovunjika kirahisi, kwa hiyo umeshikana. Vile vitundu usoni ni vya kutolea mvuke wakati wa kuokwa ili isifure. Ilitengenezwa London mwaka 1874 na kampuni ya Peek Freans kwa ajili ya ndoa ya Maria Alexandrovna, binti wa mfalme wa Urusi, na mtoto wa malkia wa Uingereza. Ndiyo maana hadi leo paketi zimeandikwa Marie, hata zilizookwa mbali kabisa na London. Ichovye nusu, hesabu moja, mbili bila haraka, toa. Katikati bado pana ukavu kidogo, pembeni pamelainika, na haijaacha unga kwenye chai. Ukifika tatu inaanza kuinama kama jani la mgomba lililopigwa jua. Nne, umeipoteza. Kasoro yake ni kwamba ikiliwa peke yake haina jipya, na kwenye chai iliyopoa hubaki na ladha ya unga tu.

Glukosi ndiyo inayonunuliwa sana, kwa sababu ya watoto na kwa sababu paketi yake ndogo hainyimi mtu nauli. Ladha yake ndani ya maziwa ya moto ni nzuri kuliko ya mari, hilo halina ubishi. Lakini ina sukari nyingi na mwili wake ni mwepesi, hivyo inakunywa chai kwa pupa. Hesabu moja, toa, peleka mdomoni hapo hapo bila kusimulia hadithi. Kosa linalofanyika kila siku ni kuivunja katikati kwanza ili iingie vizuri kikombeni: upande uliovunjika hauna ganda lile lililokaushwa na oveni, vitundu vyote viko wazi, na chai inapanda maradufu. Ishike nzima, chovya kona. Tena punguza kijiko kimoja cha sukari kwenye chai yenyewe, maana biskuti inaacha ya kwake humo.

Ya tangawizi ni jiwe. Kavu kavu inaweza kumpa mtu mwenye jino bovu safari ya hospitali, na hapo kuchovya si anasa, ni lazima. Imara yake inatoka kwenye sukari nyingi iliyoyeyuka ndani ya oveni kisha ikaganda kama kashata. Kwenye chai ya rangi yenye moto wa kutosha inavumilia hesabu ya tatu hadi nne, na huo ndio muda ganda linaachia na harufu inatoka. Kwenye chai ya maziwa iliyokwisha kutiwa tangawizi, mbili hizi zinagombana. Iache kwa chai ya rangi, hasa Juni na Julai Arusha inapokuwa na ukungu hadi saa nne asubuhi.

Daijestivu ni nene, ya unga usiokobolewa, na ndiyo inayodanganya watu zaidi. McVitie's walianza kuitengeneza mwaka 1892, na jina lake lilitokana na imani kwamba magadi yaliyomo yanasaidia tumbo. Kwa kuwa ni nene huchukua muda kulowa, mtu anaichungulia, anaona bado ngumu, anairudisha. Kumbe nje imeshakwisha. Ikikatika haikatiki kwa ustaarabu. Inameguka chembechembe na kufanya matope chini ya kikombe. Mahali pake ni kwenye kahawa nyeusi ya Kilimanjaro isiyo na sukari, ambako chumvi yake kidogo na ule ukali wa kahawa vinapatana. Kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni hakiiingizi. Omba kikubwa au itafune pembeni.

Zenye krimu katikati hazichovyeki. Krimu ni mafuta na sukari, joto likifika inateleza, vipande vinaachana, na juu ya chai yanaelea macho ya mafuta. Zitenganishe, lamba krimu, chovya vipande. Nankatai vilevile: samli yake inafanya ivunjike kabla haijalowa.

Sasa kwa nini zote hizi zinazama? Biskuti imejaa njia nyembamba, na chai inapanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Wanga unavimba na kulainika, sukari iliyokuwa ikishikilia kila kitu inayeyuka, mafuta yaliyoganda yanakuwa maji. Mwanafizikia Len Fisher alilipigia hesabu jambo hili kwa kutumia kanuni ya Washburn ya mwaka 1921, na mwaka 1999 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Kanuni inasema umbali wa kupenya ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Faida yake jikoni ni hii: ukiichovya wima, chai inaingia kutoka pande zote mbili na kila upande unasafiri nusu ya unene tu. Ukiilaza bapa juu ya chai, ikalowa chini peke yake, chai inasafiri unene wote, na una muda hadi mara nne zaidi kabla haijatota kabisa. Upande wa juu unabaki mkavu na ndio unaobeba mzigo.

Kwa vitendo: chukua kikombe chenye mdomo mpana kuliko biskuti, kile cha bati kinafaa sana. Usikijaze; chai iwe kidole kimoja chini ya ukingo. Ingiza biskuti kwa mshazari, karibu kulala, ukishika ukingo wa mbali kwa vidole viwili. Ukiitoa, igeuze papo hapo, upande mkavu uwe chini, ndipo uipeleke mdomoni. Wengi wanasahau kugeuza, na biskuti inakatikia njiani, mara nyingi juu ya shati. Yenye chokoleti upande mmoja, weka chokoleti juu wakati wa kuchovya.

Joto nalo lina neno. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Tofauti hiyo mdomoni huisikii. Inayosikika ni ya chupa: chai iliyotoka jikoni sasa hivi na iliyolala kwenye chupa tangu alfajiri ni vinywaji viwili. Ya moto sana inapenya haraka na kuyeyusha sukari haraka, kwa hiyo punguza hesabu moja. Ya vuguvugu inalowesha bila kutoa harufu, hasara tupu. Kama chai ya maziwa imefanya utando juu, utoe kwa kijiko kwanza. Ukiuacha unajivika kwenye biskuti kama kanga iliyoloa, na huko mdomoni unanyooka.

Dukani, bonyeza paketi taratibu. Ikiwa imebana na hewa yake ndani, nzuri. Ikiwa imelegea, mshono umeachia na biskuti zimeshavuta unyevu, hizo hazilii "ka!" zikivunjwa, zinapinda, na zikigusa chai zinakuwa uji mara moja. Angalia alama ya TBS na tarehe ya mwisho. Epuka paketi zilizoanikwa dirishani juani, mafuta yake huchacha mapema. Na rudi kwenye ile rafu ya sabuni: mafuta ya biskuti hunyonya harufu, hata kupitia karatasi nyembamba. Nusa kabla ya kulipa, Mangi hatakasirika. Ukilinganisha bei, gawa kwa gramu zilizoandikwa, usigawe kwa ukubwa wa paketi, maana trei ya ndani inajua kujaza nafasi.

Nyumbani, zikishafunguliwa hamishia kwenye kopo lenye kifuniko kinachokaza, usichanganye mari na za tangawizi kopo moja. Zilizolegea hazijafa: zipange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, funika nusu, dakika nne, geuza katikati ya muda. Zikitoka bado laini usiongeze moto. Zitakakamaa zikipoa.

Na ikizama? Usikoroge. Kukoroga kunasambaza wanga na chai yote inakuwa nzito. Iache itue, kunywa hadi vibaki vidole viwili, kisha maliza kwa kijiko. Mashapo ya mari ni kama uji wa mtoto, yanalika. Ya daijestivu yana pumba, mwaga. Kikombe kioshe kwa maji baridi kabla hakijakauka, maana wanga wa biskuti ukishagandia kwenye bati utausugua kwa majivu.