En-ROADS kwa vyuo vya Mtwara: anzia kwenye kitufe cha gesi

En-ROADS ni programu ya bure ya kujaribu sera za tabianchi, kazi ya Climate Interactive na MIT Sloan ya Marekani, na hufunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Juu kuna grafu mbili, chini vitufe karibu 18 vya kusogeza: makaa ya mawe, gesi, kodi ya hewa ukaa, misitu na vinginevyo. Sogeza kimoja, joto la dunia la mwaka 2100 hubadilika papo hapo. Usipogusa kitu, linasoma zaidi ya nyuzi 3 juu ya lile la kabla ya viwanda.

Kwa darasa la Mtwara, uhondo wote uko kwenye gesi. Wanachuo wamezoea umeme wa gesi ya Mnazi Bay na wengi wataapa kuwa ni nishati safi. Wana ukweli kiasi: ikifua umeme, hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe. Waache waipe ruzuku hadi mwisho. Joto halitikisiki sana, kwa kuwa gesi hiyo hiyo inayoyasukuma makaa huusukuma pia umeme wa jua na upepo, na methani, gesi inayoipasha dunia joto, huvuja njiani. Hapo mabishano huanza, na kengele ikilia hawatoki.

Dakika 90 zinatosha. Kabla ya kusogeza chochote, kila mmoja aandike matarajio yake kwenye karatasi, la sivyo wote watadai walijua. Kundi la watu 5 lipewe vitufe 4 tu, na kwa kila kimoja litaje nani ataumia. Ukiwaachia vyote watavivuta hadi mwisho kama mchezo wa simu. Ufungue ukurasa mapema. Mahesabu hufanyika ndani ya kompyuta, hivyo mtandao ukikatika usiufunge ukurasa. Umeme ukikatika, projekta ndiyo itakayokuangusha.

Nyota 4 kati ya 5. Moja imekatwa kwa sababu programu inaiona dunia nzima, haimwoni mkazi wa Lindi aliyekatikiwa barabara ya Dar es Salaam kwa mafuriko ya Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya. Mwanachuo anatoka akijua kodi ya makaa, hajui afanye nini Jumamosi. Kwa hiyo dakika 20 za mwisho zima skrini, mpange kazi ya mikoko Mikindani: kwanza kuangalia maji ya bamvua (yanapojaa kupita kawaida) yanafika wapi, ndipo kupanda. Miche ikiwekwa chini mno, kwenye tope lisiloachwa na maji kwa muda wa kutosha, hufa au huchukuliwa na mawimbi, na kundi zima hukata tamaa.