Uzoefu wangu: kumpelekea fundi vali ya tromboni Nairobi

Ninapiga tromboni ya sauti ya tenor, ala ya shaba ya kupuliza yenye bomba refu la kuteleza, nayo ina vali ya F; napiga katika bendi ya kanisa letu, Kariobangi. Vali hiyo, inayoendeshwa kwa wenzo wa kidole gumba, hushusha sauti ya ala kutoka B-flati hadi F, na kwa sababu hiyo noti ya C ya chini, ambayo bila vali ingenilazimu kunyoosha mkono na kusukuma bomba la kuteleza hadi nafasi ya 6, huipata bomba likiwa nafasi ya 1, karibu nami. Vali ilipoanza kurudi polepole mwezi Februari, vifungu vya chini vilinishinda. Nilitia mafuta ya cherehani, na kadiri nilivyoongeza ndivyo ilivyozidi kuwa nzito.

Niliipeleka kwa fundi wa ala za shaba katikati ya jiji.

“Mafuta unayamimina wapi, kijana wangu?”

“Ninachomoa bomba la F, lile la kurekebishia sauti ya vali, Mzee, nayamimina humo.”

“Basi unaiosha grisi ya bomba na kuipeleka kwenye vali.”

Alifungua kifuniko cha nyuma, akalegeza skrubu ya mbele, kisha akaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya vali, ikatoka. Ilikuwa imefunikwa na utando wa kijani kibichi, laini kama ugoro uliolowa. Aliisafisha, akanionyesha kwamba ndani ya vali hutiwa mafuta mepesi sana, kwa sirinji yenye sindano ndefu butu ili yasiguse kuta za bomba, na kwamba mafuta mazito zaidi ni ya ncha mbili za mhimili, moja chini ya kifuniko cha nyuma na nyingine mbele. Mafuta yangu ya cherehani yanafaa kwenye viungo vya wenzo, si ndani. Somo hilo peke yake lilistahili shilingi 2,500 nilizolipa.

Hata hivyo, nina lawama moja. Alibadilisha vile vizibo vidogo vinavyoisimamisha rota, na vipya vilikuwa vinene mno. Nilipofika nyumbani noti za vali zilisikika kama zimekabwa. Nilipofungua kifuniko nikaona alama iliyochongwa kwenye rota imepishana na ile ya kwenye bamba linaloishika kwa kiasi cha milimita moja, maana yake njia ya hewa haikufunguka yote. Nilirudi siku ya pili, akavipunguza kwa wembe bila malipo, lakini jambo hilo lilipaswa kukaguliwa kabla sijakabidhiwa ala.

Tangu hapo ninatia matone mawili au matatu kila wiki kabla ya mazoezi, na sichomoi bomba la F pasipo kwanza kubonyeza wenzo, kwa kuwa hewa iliyofungiwa huvuta na kulia “pop”. Kazi yake ikihitajika tena nitarudi kwake, ila nitamwomba afungue kifuniko mbele yangu nione alama zimelingana.