Kitako cha mbao au cha plastiki kwa bunduki ya kuwindia bata: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana ndiyo wengi wanayoitafuta. Kwa bunduki ya marisau ya geji 12 itakayolala ndani ya mtumbwi, ikanyeshewa na kuegemezwa kwenye matete yenye tope, ningechukua kitako cha plastiki bila kusita. Ila sababu zangu hazifanani na zile za wauzaji. Plastiki haiifanyi bunduki istahimili maji. Kinachostahimili ni kitako peke yake. Chuma kilichomo ndani ni kile kile. Bunduki zilizoliwa vibaya na kutu ambazo nimezifungua nyingi zilikuwa na vitako vya plastiki, kwa sababu wenyewe waliamini hazina haja ya kufunguliwa.

Kwanza mbao. Mbao nzuri ya kitako, kwa kawaida mjozi, yaani walnati, hukaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 8 hadi 10. Ikikaa kwenye hewa ya majini, unyevu huo hupanda na mbao huvimba. Haivimbi kila upande: urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, bali upana, kukatiza nyuzi. Kwa mjozi mweusi, kila asilimia 1 ya unyevu huongeza upana kwa takriban asilimia 0.2 hadi 0.26. Kishikio cha mbele chenye upana wa milimita 45 kikitoka unyevu wa 8 hadi 14, kimenenepa kwa nusu milimita hadi milimita 0.7. Ni kidogo kwa macho, lakini nafasi iliyoachwa kati ya mbao na chuma mara nyingi haifiki hapo. Kwenye bunduki ya kukokota (pump, ile inayopakiwa kwa kuvuta kishikio nyuma na mbele) utahisi kishikio kikikwaruza au kuwa kizito. Kwenye nusu-otomatiki, inayojipakia yenyewe, kifuniko cha bomba la magazini (bomba la risasi za akiba chini ya mtutu, na kifuniko hicho ndicho kinachoshika kishikio) kitagoma kufunguka.

Tena ufa hautokei siku ya mvua. Mbao inakauka, inasinyaa, kifuniko kinalegea, na risasi inayofuata inakirusha kishikio nyuma na mbele kama nyundo. Kwa hiyo baada ya siku yenye maji, kagua ukazo wa kifuniko mara mbili: jioni ile, na siku tatu nne baadaye mbao ikishatulia.

Maji nayo hayapiti pale unapodhani. Uso unaong'aa ni mlango mdogo. Mlango mkubwa ni ncha za nyuzi, pale mbao ilipokatwa kwa kukatiza: chini ya mpira wa kitako, kichwani panapogusa mwili wa bunduki, ndani ya matundu ya skrubu na upande wa ndani wa kishikio. Sehemu hizo viwandani mara nyingi huachwa tupu au hupakwa mara moja tu. Kuzipaka ni kazi ya saa moja ukiondoa muda wa kusubiri vanishi ikauke, na ndiyo inayotenganisha mbao inayodumu na ile inayooza shingo.

Hakikisha chemba, yaani tundu inamokaa risasi ya kupigwa, na magazini havina risasi. Tazama kwa jicho na ingiza kidole. Paka sabuni kidogo kwenye vijitundu vya mpira wa kitako ili bisibisi isiuchane, kisha fungua skrubu zake mbili. Kwenye Remington 870 na nyingi zinazofanana nayo, ndani kuna bolti moja ndefu. Tumia bisibisi bapa ndefu inayojaza mfuo wake vizuri, la sivyo itateleza na kupasua ukuta wa tundu. Kitako kikitoka, futa kichwa chake kwa spiriti ya rangi (white spirit, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta) mpaka kitambaa kisitoke na mafuta. Mkono wa kwanza wa vanishi ya poliyurethani uchanganye nusu kwa nusu na spiriti hiyo hiyo, ili unywewe na nyuzi. Acha saa 24, pitisha msasa namba 400 kidogo tu, kisha mikono miwili myembamba isiyochanganywa. Ndani ya kishikio paka mwembamba zaidi. Ukijaza vanishi pale, umeikaza bunduki kabla haijaona maji. Matundu ya skrubu yapake kwa kijiti chenye pamba.

Kuna wanaopenda mafuta ya mbegu za kitani. Yanapendeza na kurekebisha mkwaruzo ni rahisi, lakini yanazuia maji kidogo kuliko poliyurethani; ningeyaweka usoni tu, ncha za nyuzi nikazipa vanishi. Na vitambaa vilivyofutia mafuta hayo vitandaze vikauke kimoja kimoja. Vikirundikwa hupata joto na huweza kuwaka vyenyewe.

Adui wa pili wa mbao ni mafuta ya bunduki. Bunduki iliyopakwa mafuta mengi na kusimamishwa mdomo juu huyateremsha taratibu hadi shingo ya kitako. Mbao inakuwa nyeusi, inalainika, na mshindo wa nyuma unaiponda mpaka ipasuke nyuma ya ulimi wa chuma, yaani mkia wa mwili wa bunduki unaoingia kwenye mbao. Ihifadhi mdomo chini juu ya kitambaa. Na hapo nyuma ya ulimi panatakiwa mwanya mwembamba, karatasi ipite. Pakigusana, kibanzi kitaruka siku moja.

Sasa plastiki. Jina hilo limebeba vitu viwili tofauti. Vitako vizuri ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Vya bei ya chini mara nyingi ni polipropilini. Ajabu ni kwamba nailoni hiyo ni nzito kuliko mjozi, karibu mara mbili kwa ujazo ule ule. Kitako kinakuwa chepesi kwa sababu ndani ni kitupu. Utupu huo ndio unaoleta kelele: kikigonga ukingo wa mtumbwi kinalia kama debe, na bata husikia. Kipande cha sponji kilichokatwa kwa umbo la ndani na kusukumwa kinatosha kutuliza. Povu la kopo linalovimba na kuganda usilijaribu. Linafunga njia ya bolti, linashika unyevu kuzunguka chuma, na siku ya kufungua utalichimba kwa kisu.

Na chuma hicho si kidogo. Kwenye nusu-otomatiki kadhaa, zikiwemo Remington 1100 na Benelli M2, springi ya kurudisha bolti (si ile ya kufungia kitako, bali kipande kinachofunga chemba) imo ndani ya bomba lililomo kwenye kitako. Maji yakiingia humo hayana pa kutokea kwa urahisi. Yanachanganyika na mafuta ya zamani na mabaki ya baruti, yanakuwa uji, na bunduki inaanza kufunga kivivu. Risasi ya pili inakwama nusu njia na mwenyewe analaumu risasi. Fungua bomba hilo angalau mara moja kwa msimu, na kila mara bunduki ikizama. Kwa maji ya chumvi usingoje siku ya pili: suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, paka mafuta mepesi yanayofukuza maji, na usisahau bomba la magazini chini ya kishikio.

Plastiki pia huzeeka. Vipande laini vya mpira kwenye mshiko huanza kunata baada ya miaka kadhaa, na hakuna kusafisha kunakoviponya. Ngozi ya rangi za kujifichia hubanduka kwenye kingo. Dawa ya mbu yenye DEET haiidhuru nailoni yenyewe, lakini inaweza kuilainisha ngozi hiyo, na vanishi ya mbao pia. Nawa mikono kabla ya kushika bunduki. Kitako kikivunjika, ufa wa mbao shingoni unaweza kuunganishwa kwa epoksi na kijiti cha ndani, na mbonyeo huinuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Polipropilini haishiki gundi. Unanunua kingine.

Uzito ndio unaowakwaza wanaobadilisha bila kufikiri. Kwa risasi ile ile, nguvu ya teke hupungua kadiri uzito wa bunduki unavyopanda: ya kilo 3.4 inakupiga kwa takriban asilimia 12 pungufu kuliko ya kilo 3.0. Risasi za marisau ya chuma za kuwindia bata ni kali, na anayepiga nyingi asubuhi moja ataihisi tofauti hiyo begani. Kitako chepesi pia huhamisha mizani mbele, mtutu ukawa mzito kuusukuma. Uzito wa gramu 200 hadi 300 ndani ya kitako hurekebisha yote mawili, mradi umefungwa usicheze.

Na kabla ya yote hayo, vipimo. Mgongo wa kitako ukiwa juu au chini kwa milimita 3 tu, marisau yanahama kiasi cha sentimita 11 kwa umbali wa mita 35. Hapa plastiki za nusu-otomatiki nyingi zinashinda, kwa sababu huja na vipande vya kubadilisha mwinamo na vya kuongeza urefu. Pima ukiwa umevaa koti lile lile la kuwindia. Koti nene linataka kitako kifupi kwa milimita 6 hadi 12. Mbao nzuri isiyokukaa ni pambo, na kuikata au kuikunja ni kazi ya fundi.

Ukinunua iliyotumika, usiangalie uso wa kitako. Omba mpira wa nyuma ufunguliwe. Kwenye mbao, tafuta weusi kichwani na nyufa nyembamba kama unywele nyuma ya ulimi. Tone la maji likiachwa dakika tano likiacha doa jeusi, vanishi imekufa. Kwenye plastiki, mulika tochi ndani na utazame bolti na washa yake. Ikiwa na kutu nyekundu, na muuzaji anasema bunduki haijawahi kufunguliwa kwa sababu ni ya plastiki, basi muda wake wa kuifungua umeshapita na bei ijadiliwe upya.