Kabla hujalipia programu ya kuhariri picha, ijaribu kwa kanzu nyeupe

Kila sikukuu ikipita, wasomaji wanaopiga picha kwa mapenzi tu huniletea malalamiko yale yale. Picha za Idi zilipendeza kwenye kioo cha kamera. Zikishaingizwa kwenye programu na kubonyezwa kitufe cha Auto, uso unapata mwanga lakini kanzu inapotea: haina mikunjo, haina darizi shingoni, haina hata mfuko. Mtu akijaribu kuirudisha kanzu, uso nao unapauka na kuwa wa kijivu. Juzi nimeoneshwa picha ya bwana harusi ambaye kofia yake ya viua, iliyoshonwa kwa mkono, imebaki doa jeupe juu ya kichwa. Na wote wanamalizia kwa swali moja: ninunue programu gani?

Miongozo mingi hulijibu swali hilo kwa mambo ambayo kila programu inayo. Kukata picha, kunyoosha upeo wa bahari, kufuta mtu aliyepita nyuma, kuongeza rangi. Sitayagusa hayo. Mimi nina jambo moja, halitajwi kwenye tangazo lolote, na ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko yote hapa kwetu: programu inaufanya nini weupe uliozidi mwanga.

Visiwani weupe uko kila pahala. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe, mchanga wa Paje, kanzu, kofia, mashela ya maharusi, matanga ya ngalawa. Ndani ya weupe huo kuna watu weusi, na juu yao kuna jua. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini hasa. Wapiga picha wa Ulaya wanafundisha kwamba usubiri jioni, mwanga ulainike. Kawaambie hivyo akina mama wa mwani wa Jambiani. Kazi yao inafuata bamvua, na maji ya bamvua kwetu hutoka asubuhi ya kwenye saa nne, jua limeshapanda. Anayetaka kuwapiga picha atawapiga katika jua hilo hilo, mchanga unawaka, maji yanameta, na nyuso zimo kivulini mwa kanga. Programu isiyoweza kazi hiyo haina faida kwetu hata ikiwa imesifiwa dunia nzima.

Elewa kwanza kinachotokea. Kamera ikipiga RAW, yaani faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kihisi, ya biti 14, kila nukta inaweza kuwa na ngazi 16,384 za mwanga. JPEG, faili la kawaida la picha, ina 256 tu kwa kila rangi, na kamera imeshatupa kilichozidi, ndiyo maana kanzu iliyoungua kwenye JPEG haitibiki. Nukta za kihisi cha kamera zimefunikwa kwa rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na hazijai kwa pamoja. Mara nyingi kijani hujaa kwanza. Kijani kikijaa huku nyekundu na buluu bado zina nafasi, mikunjo ya kanzu ingalimo ndani ya faili, ila inataka programu inayojua kuijenga upya kutokana na rangi mbili zilizobaki. Zipo zinazoijenga. Zipo zinazoipaka kijivu kitupu zikadhani zimemaliza kazi. Na zipo zinazoacha ukingo wa rangi ya waridi pale weupe unapoanzia, begani na kwenye ukosi, na ukingo huo ukishauona mara moja utauona kwenye kila picha yako. Rangi zote tatu zikijaa, hakuna programu itakayokurudishia kilichokuwepo, inaweza kubuni tu. Kwa hiyo pima mwanga kwa kanzu, si kwa uso, halafu uso utauinua nyumbani.

Jaribio langu ni hili. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, asimame juani mbele ya ukuta wa chokaa, saa sita mchana. Piga RAW. Ifungue picha hiyo hiyo katika kila programu unayoifikiria. Programu nyingi za kulipia zina muda wa majaribio bila malipo, Lightroom kwa mfano inatoa siku 7. Shusha weupe, inua kivuli, kisha vuta karibu mpaka uifikie kofia. Viua vionekane kimoja kimoja, kila kitundu na uzi wake. Teremka shavuni: rangi ya kahawia iwe na wekundu wake wa damu, isiwe ya majivu. Malizia begani, pale jua linapogonga. Weupe uteremke taratibu kuelekea kivulini, usikatike ghafla.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni darktable, na siifichi. Naitumia, naipenda, na nitaendelea kuisema. Ni ya bure moja kwa moja, wanaiandika watu wanaojitolea tangu mwaka 2009, na ipo kwa Linux, Mac na, tangu mwisho wa 2017, Windows. Toleo la 4.2 la Desemba 2022 ndilo lililonifanya niache kubishana na wenye programu nyingine. Lilileta mambo mawili kwa pamoja: njia mpya ya kujenga upya weupe uliojaa, inayoanza kazi yenyewe ukifungua picha, na moduli (kifaa kimoja cha kuhariri ndani ya programu) iitwayo sigmoid. Hiyo sigmoid inaushusha mwanga kwa mkunjo laini, weupe unafika kileleni polepole badala ya kugonga ukuta. Filamu za negativu ndivyo zilivyofanya kazi. Ukiona picha za zamani za nyeusi na nyeupe za Mji Mkongwe, zama za akina Ranchhod Oza, mpiga picha aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu wamevaa kanzu katika jua lile lile letu na mikunjo unaihesabu. Kompyuta isitufanye tuone kidogo kuliko walivyoona wao.

Halafu ina moduli iitwayo tone equalizer. Unaweka mshale juu ya shavu, unazungusha gurudumu la mausi, na uso unapanda. Vyote vilivyo katika kivuli cha kiwango kile vinapanda nao, kanzu haiguswi, na ngozi haipotezi alama zake: kovu, ndevu zilizochongwa, hina ya mkononi. Sijaona programu ya bei yoyote inayofanya hilo kwa wepesi huo. Mabadiliko yako yanaandikwa kwenye faili dogo la XMP pembeni ya picha, picha yenyewe haiguswi, na vyote viwili unavibeba kwenye flashi. Haitaki akaunti, haitaki bando.

Ni ngumu, hilo ni kweli. Moduli ni nyingi na majina yake ni ya kihandisi. Ukijifunza kwa video, ziangalie tarehe, kwa sababu mafunzo ya kabla ya toleo la 3.0, yaani kabla ya mwisho wa 2019, yanakufundisha njia ambayo wenyewe wameshaiacha. Anza na moduli nne tu: exposure, sigmoid, tone equalizer na color calibration. Zilizobaki ziache zilale. Kwa laptopu yenye RAM ya 8GB inakwenda bila ya tabu kubwa.

Ya pili ni Lightroom, na kwa ubora tu haiko mbali. Kitufe chake cha Highlights kinairudisha kanzu vizuri, na tangu Oktoba 2022 inaweza kumtambua mtu kwenye picha na kuchagua ngozi ya uso peke yake, ukainua uso bila kugusa kofia. Nimeijaribu kwa picha za jua kali na imefaulu. Tatizo langu nayo ni malipo. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho iliyouzwa mara moja ikawa yako. Sasa unakodi. Kifurushi cha dola 9.99 kwa mwezi tulichokizoea kilifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, na kifurushi cha Photoshop pamoja na Lightroom ni dola 19.99. Hiyo ni kama shilingi 50,000 kila mwezi, karibu laki sita kwa mwaka, na dola ikipanda mzigo ni wako. Ukiacha kulipa, kwenye Lightroom Classic utaziona picha zako na utaweza kuzitoa, lakini sehemu ya Develop, ile ya kuhariria, inafungwa. Mwenye kupiga harusi kila wiki atazirudisha fedha hizo. Mwalimu wa skuli mwenye kamera yake ya Ijumaa na sikukuu, laki sita ni lenzi.

Nafasi ya tatu naipa programu ya kampuni iliyotengeneza kamera yako. Nikon wana NX Studio, ya bure tangu 2021, na Canon wana Digital Photo Professional, nayo bure. Hazitajwi sana kwa sababu hakuna muuzaji anayepata kitu kwazo. Zinaisoma RAW ya kamera yake kwa rangi zile zile ulizoziona kiooni, na kwa ngozi zetu hilo ni jambo kubwa, tena kosa la ukingo wa waridi hulioni humo kirahisi. Hazifungui RAW za kamera za kampuni nyingine, na uwezo wake wa kuinua sehemu moja moja ni mdogo. Anayeiona darktable inamtisha aanzie hapa.

RawTherapee iko nyuma kidogo ya hapo. Inajenga upya weupe vizuri mno, lakini kuufanyia kazi uso peke yake si raha kama kwenye darktable. Affinity imezungumzwa sana tangu Oktoba 2025, Canva walipoifanya kuwa ya bure baada ya kuinunua Serif, kampuni iliyoitengeneza, mwaka uliotangulia. Unatakiwa uwe na akaunti ya Canva. Kwa kuunganisha picha, mabango na kadi za mialiko ni nzuri mno. Kwa kanzu ya saa sita, sehemu yake ya RAW imeniangusha: bega linakatika. GIMP haifungui RAW yenyewe, inaiita darktable au RawTherapee iifungulie, kwa hiyo utaishia kule kule.

Za simu sina mengi. Snapseed ni ya bure, inafungua DNG (aina ya RAW), na kwa picha ya haraka ya kumtumia shangazi inatosha.

Ila za simu zina kitufe kimoja ambacho lazima nikiseme, kile cha urembo. Kitufe hicho ni mkorogo. Kinaing'arisha ngozi bila ya kuulizwa, kinafuta vinyweleo, kinampa bibi wa Makunduchi uso ambao hata wajukuu wake hawaujui. Nimeona picha za maharusi, biharusi kapigwa weupe mpaka hina ya mikononi imekuwa nyeusi kuliko yeye. Kizimeni. Wanaopiga picha za watu kwa malipo na kukiacha wazi wanawadhulumu wateja wao.

Na kuna dhuluma nyingine, ya madukani. Msomaji mmoja kutoka Wete alinunua laptopu akawekewa "Lightroom ya maisha" kwa malipo ya pembeni. Hakuna Lightroom ya maisha inayouzwa leo. Alichowekewa ni programu iliyovunjwa kufuli, na ili ifanye kazi fundi alimzimia kinga ya virusi bila ya kumwambia. Programu ikaacha kufunguka, picha za familia zikaingiwa na virusi, na aliporudi dukani akatakiwa alipe tena. Mwengine alitozwa bei ya darktable, na darktable haina bei. Fundi akidai ujira wa kazi yake na muda wake, ni haki yake na alipwe. Kuuza kitu cha bure kana kwamba ni mali yako si haki.

Wauza "presets", mipangilio ya rangi iliyokwisha tayarishwa, kwenye WhatsApp nao wamo. Nyingi ya zile nilizooneshwa zimetengenezwa kwa nyuso nyeupe na mwanga wa Ulaya. Ukiziweka juu ya picha ya Forodhani, ngozi inakuwa ya chungwa na bahari inakuwa ya kijani ambacho hakipo Unguja wala Pemba. Tahadhari pia na Photoshop Elements: bei yake, dola 99.99, inaonekana ya kununua mara moja, lakini tangu toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka 3 tu, kisha inafungwa.

Ukienda Darajani au Mlandege kununua laptopu, mwambie muuzaji asikuwekee programu yoyote ya picha. Akishakukabidhi, fungua mbele yake uhakikishe kinga ya virusi imewashwa. Programu ishushe mwenyewe kutoka darktable.org, pahala penye Wi-Fi nzuri, na faili lake la kusakinishia liweke kwenye flashi, wenzako watalihitaji.