Draiva imenikosha, hitisinki imenitoa jasho: uzoefu wangu na seti ya leza ya bluu

Nina miezi minane na seti hii ya draiva (saketi inayoilisha leza umeme), hitisinki (chuma cha kufyonza na kutawanya joto), feni na kigae cha Peltier (kikipewa umeme hupoza upande mmoja na kupasha moto mwingine), niliyoichukua kwa ajili ya dayodi ya leza, yaani kile kijipande kinachotoa mwali wenyewe, ya bluu ya nanomita 450. Kilichonisumbua zaidi ni joto, lakini nianze na umeme.

Draiva ni nzuri. Inapokea volti 12 na kutoa mkondo usiobadilika, jambo ambalo kwa dayodi ya leza si anasa. Dayodi ikipata joto, volti inayohitaji hushuka. Ukiilisha volti ileile itazidi kuvuta mkondo, izidi kuchemka, mpaka ife. Karatasi ya maelezo ilidai draiva imeshawekwa ampea 2. Sikuamini. Mahali pa leza niliunga mzigo wa majaribio, dayodi tano za kawaida za silikoni mfululizo pamoja na rezista ya omu 0.1, nikapima volti kwenye rezista: milivolti 360. Yaani ampea 3.6, na leza yangu mwisho wake ni 3! Nikazungusha kiskurubu taratibu hadi mita ikasoma 250.

Halafu nikafanya ujinga. Nilizima draiva na kuunga leza palepale, kapasita yake (kihifadhi umeme) ikiwa bado na chaji. Kufumba na kufumbua, imekwenda. Hakuna moshi, hakuna harufu. Ikabaki na mwanga hafifu kama wa taa ya LED, haiunguzi hata karatasi nyeusi. Kosa langu, ingawa mstari mmoja tu kwenye yale maelezo ungeniokoa. Siku hizi nikishazima nagusanisha kwanza nyaya za kutokea ili chaji iishe, ndipo nachomelea leza.

Sasa joto. Kwa ampea 2.5 leza inakula kama wati 11. Nne hivi zinatoka kama mwanga, saba zinabaki kama joto kwenye kipande cha shaba kilichobeba leza, chenye kipenyo cha milimita 12. Tundu la hitisinki lilikuwa pana, shaba inacheza humo kama jino bovu, na ndani kumepakwa rangi nyeusi. Dakika mbili tu shaba haishikiki, huku hitisinki ni baridi kabisa na feni inapuliza bure. Nilikwangua rangi kwa msasa, nikaizungushia shaba bati jembamba la shaba, pesti kidogo ya kupitisha joto, nikakaza skrubu ya pembeni. Hitisinki ikaanza kupata joto, nami nikafurahi kuliona hilo. Shaba ikawa vuguvugu.

Kigae cha Peltier nimekitoa. Kinavuta karibu wati 50, na zote hizo, pamoja na saba za leza, zinaangukia upande wake wa moto. Hitisinki ndogo kama hii itazipeleka wapi? Dakika ya kwanza kilipoza sana hadi umande ukatanda kwenye lenzi. Ya tano, leza ilikuwa na joto kuliko bila hicho kigae.

Nimeongeza swichi ya joto, inayokata umeme hitisinki ikifika nyuzi 50, na nimeibana hapohapo, feni isije ikagoma nikiwa nimegeuka. Iko upande wa volti 12. Ukiiweka kati ya draiva na leza, ikikata volti ya draiva inapanda, na ikirudisha inaua leza.

Miwani waliyotupia kama zawadi ni plastiki ya rangi, haina alama ya nanomita wala kiwango cha kuzuia mwanga. Leza yoyote inayozidi nusu wati iko daraja la 4, hata mwanga unaodunda ukutani unaweza kupofusha. Nilinunua nyingine yenye OD 5 (kiwango hicho cha kuzuia mwanga) kwa nanomita 450.

Nyota tatu: mbili za draiva, moja ya hitisinki baada ya msasa. Ile miwani ya zawadi naivaa nikikata vitunguu.