Canon EOS 80D iliyotumika: unachopata, cha kukagua na pa kuanzia

Kwa bajeti ya katikati, anayetaka kuanza kupiga harusi, mahafali na video za mtandaoni hutajiwa kamera zilezile nne: Canon 80D na 90D, Nikon D7200 na D7500. Kwa mtu atakayefanya picha na video kwa bodi moja (yaani kamera bila lenzi), 80D iliyotumika ndiyo tunayoiweka mbele, kwa sharti kwamba pesa inayobaki iende kwenye lenzi, betri ya pili na kadi ya kumbukumbu isiyo bandia. Ilitangazwa Februari 2016, kwa hiyo nyingi zinazouzwa Kariakoo (Dar es Salaam), Luthuli (Nairobi) na zinazoingia na mizigo ya Dubai zimeshapita mikono ya watu. Ubora wa utakayouziwa utategemea ukaguzi wako kuliko maneno ya muuzaji.

Ndani yake kuna sensa (kipokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ndogo kuliko ya fremu kamili, ya megapikseli 24.2, pointi 45 za fokasi, picha 7 kwa sekunde na shata, pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga, inayofika 1/8000 ya sekunde. Ukitoka kwenye kamera ya kuanzia kama Canon 2000D, tofauti utaiona kwanza vidoleni. 80D ina magurudumu mawili, la mbele na la nyuma, hivyo kasi ya shata na tundu la lenzi (namba ya f: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unapita) unabadilisha bila kuondoa jicho. 2000D ina gurudumu moja, pointi 9 za fokasi, na haina tundu la maikrofoni ya nje. Hata tundu la kutazamia ni jingine: la 80D linaonyesha fremu nzima, asilimia 100, la 2000D linakata pembeni na kuacha asilimia 95. Ndiyo maana picha za kamera ndogo hurudi na mguu wa mtu au kona ya meza ambayo hukuiona ukipiga.

Lakini kinachoifanya 80D iendelee kutafutwa ni fokasi ya kwenye skrini. Kila pikseli ya sensa imegawanywa mara mbili, na kamera hulinganisha nusu hizo kujua fokasi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Haibahatishi. Unagusa uso wa mzungumzaji kwenye skrini, anatembea, fokasi inamfuata taratibu bila kupapatika. Skrini yenyewe inafunguka na kugeuka mbele, kwa hiyo anayejirekodi peke yake anajiona. D7200 ni kamera nzuri sana ya picha, ila ukirekodi video kwa skrini fokasi yake huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta, na mtazamaji anaiona. Skrini yake pia haifunguki wala haiguswi.

Ina mapungufu, na ni vizuri uyajue kabla ya kulipa. Haina 4K, mwisho wake ni Full HD, kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde. Ina nafasi ya kadi moja tu, wakati D7200 ina mbili. Kwa mpiga harusi hili ni jambo zito, kwa sababu kadi ikifa kabla hujanakili, hakuna nakala. Na ukijaribu kuinua sehemu zenye giza kwenye kompyuta, chengachenga hujitokeza mapema kuliko kwenye D7200. Anayepiga picha tupu, hana habari na video, achukue D7200 bila kusita. D7500 ina 4K, lakini inakata fremu sana ikirekodi hivyo, nayo ina kadi moja. 90D ya 2019 ina megapikseli 32.5 na 4K; kwa sifa zilizoandikwa ni bora, ila faili zake ni nzito na zinaumbua lenzi hafifu. Ukiweza kuinunua pamoja na lenzi nzuri, sawa. Ikimaliza pesa yote ukabaki na lenzi ya 18-55mm ya zamani, bora 80D.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Nenda na kadi yako, betri iliyochajiwa kama unaweza kuazima, na tochi ya simu. Shata ya 80D imekadiriwa kwa mapigo 100,000. Tofauti na Nikon, Canon hii haiandiki idadi hiyo ndani ya faili ya picha, kwa hiyo muuzaji akikuambia "angalia tu kwenye picha" hajui anachosema. Inasomwa kwa programu maalumu, kamera ikiwa imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Asiyekubali kuunganisha, punguza bei au ondoka. Shata ikivuka kadirio haifi siku hiyo, ila gharama ya kuibadilisha lazima iwe kwenye hesabu yako.

Piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha kuza picha. Vidoa vya kijivu vilivyotulia mahali pamoja kwenye kila picha ni vumbi la sensa, linasafishika kwa fundi. Mistari au mikwaruzo yenye ncha kali ni habari nyingine, hiyo usinunue. Piga picha 20 mfululizo kwa kasi ya juu ukisikiliza mlio. Ukikwama au ukitokea ujumbe wa Err 20, kuna kasoro ndani ya bodi. Err 01 ni nyepesi zaidi: kamera na lenzi haziwasiliani, na mara nyingi kufuta zile pini za dhahabu kwa kitambaa safi kikavu kunatosha.

Fungua na ufunge kila mlango. Chungulia pini za nafasi ya kadi. Chomeka maikrofoni na hedifoni, maana matundu hayo huchoka kwa kamera zilizofanya kazi ya video. Kwenye menyu ya taarifa za betri kuna vijiboksi vitatu vya hali ya kuchaji: vitatu vya kijani, betri ni nzima, kikitokea chekundu, betri imechoka na muuzaji anakupa mzigo. Betri yake ni LP-E6N, nzima hupiga picha kama 960 kwa chaji moja kwa vipimo vya Canon, pungufu sana ukitumia skrini muda wote. Za bandia ni nyingi, na dalili yake ni kamera kukataa kusoma hali ya betri.

Lenzi ielekeze kwenye mwanga, washa tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi dogo halina madhara. Nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ni fangasi, na lenzi za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zinazipata sana kwa ajili ya unyevu. Zimeshakula koti la kioo, usinunue hata kwa bei ya bure.

Lenzi zipi

18-135mm IS USM inayouzwa na bodi hii (IS ni kituliza mtikisiko, USM na STM ni aina za injini ya fokasi) ndiyo bora kuanza nayo: kimya, ina haraka kwenye video, inatoka upana wa ukumbi hadi uso wa bibi harusi aliye jukwaani. Udhaifu wake ni mwanga. Ukivuta hadi mwisho inabaki f/5.6, na ukumbini usiku hiyo ni giza. Ongeza 50mm f/1.8 STM, lenzi ya bei nafuu kuliko zote za Canon zenye faida kubwa. Kumbuka tu kwamba sensa hii ndogo huona sehemu ya kati tu, inakata mara 1.6, kwa hiyo 50 inakuwa kama 80mm: nzuri kwa sura ya mtu, ila sebuleni utaegemea ukuta na bado familia haiingii. Hapo 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama kifuniko, ndiyo jibu. Kwa mbugani na viwanjani, 55-250mm STM inafika sawa na 400mm.

Zenye alama ya EF-S, ukizifunga, linganisha kimraba cheupe na cheupe. Za EF, kidoti chekundu na chekundu. Zungusha mpaka isikike ikinasa. Zote mbili zinakubali kamera mpya za R za Canon kwa adapta, kwa hiyo lenzi nzuri haitupwi bodi ikizeeka.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Anza na kile kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya tundu la kutazamia. Kizungushe mpaka vipointi vya fokasi vionekane vikali kwa jicho lako. Wengi hulaumu lenzi wakati ni hiki tu. Gurudumu la hali lina kitufe katikati, kibonyeze ndipo lizunguke, usilazimishe. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Nunua ya GB 64 ya UHS-I, kwa sababu UHS-II, aina ya kasi zaidi, hapa ni pesa ya bure, na ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuipeleka kazini: kadi bandia hujitangaza GB 64 huku ndani ina robo yake, na picha zinazozidi hupotea kimya. Ukipiga RAW (faili ghafi isiyobanwa kama JPEG), kadi hiyo inabeba picha kama 2,000. Zima pia ruhusa ya kupiga bila kadi, isije ikapiga sherehe nzima hewani.

Weka Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), Auto ISO (kamera inajipangia hisia ya sensa kwa mwanga) yenye kikomo cha 6400 na kasi ya chini ya shata 1/125. Watu wakicheza, 1/250. Fokasi iwe One-Shot kwa waliotulia, AI Servo kwa wanaotembea, na uchague pointi moja mwenyewe. Ukiiachia kamera pointi zote 45, itashika kilicho karibu zaidi, na ukumbini kilicho karibu ni ua la mezani.

Sasa mwanga, mahali ambapo kazi nyingi za harusi huharibikia. Kipimo cha kamera hutafuta wastani. Bibi harusi akijaza fremu kwa shela jeupe, kamera huona mwanga ni mwingi, hupunguza, na sura yake yenye ngozi nyeusi inazama gizani. Zungusha gurudumu la nyuma upate fidia ya mwanga ya +2/3 hadi +1, huku ukiwasha tahadhari ya mwanga (Highlight alert) ili sehemu za gauni zilizoungua zimetemete kwenye skrini. Vikimetemeta vidoa vidogo vya lulu, endelea. Ikimetemeta nguo nzima, shusha theluthi moja. Bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi ni kinyume chake: -2/3. Usijiambie utainua giza baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu hapo ndipo sensa hii inapotoa chenga.

Jambo la pili ni umeme. Wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo taa za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani au Japani huenda imewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa 60Hz, na ukirekodi kwa fremu 30 utaona mistari ikitambaa ukutani. Badilisha iwe PAL, mfumo wa nchi za 50Hz, rekodi fremu 25, shata 1/50. Kwa picha, washa Anti-flicker: kamera husubiri kilele cha mwanga ndipo ipige, na picha za mfululizo hazitofautiani rangi. Baadhi ya taa za LED huipita bila kugunduliwa. Hapo shusha shata hadi 1/100.

Ukiweka flashi ya nje, iwe Godox au Yongnuo, usivuke 1/250 mpaka uwe na flashi na triga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) zinazoweza kasi zaidi. Ukivuka, chini au juu ya picha hutokea utepe mweusi, kivuli cha pazia la shata.

Kwenye sauti, tazama pini ya maikrofoni. Yenye mistari mitatu imetengenezwa kwa ajili ya simu na huenda kamera isiipokee bila adapta. Ya kamera ina miwili. Boya BY-M1 ina swichi ya simu na kamera, na upande wa kamera unahitaji betri ndogo ya LR44 ndani. Wengi hawaiweki, kisha wanasema maikrofoni ni mbovu. Kiwango cha sauti kiwe cha mkono, sauti ya juu iguse karibu na -12 kwenye kipimo cha sauti cha skrini. Kikiwa cha kujiendesha, kamera huinua mvumo kila mzungumzaji akinyamaza.

Na kwa walio pwani: kamera isilale kwenye begi. Ondoa lenzi kwenye begi la kitambaa, weka vyote kwenye kontena la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli zinazobadilika rangi. Zikibadilika zikaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo, zipoe, zirudishe. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda juani, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hivi, la sivyo umande hutanda kwenye kioo na ndani ya bodi.