Siku Nne Ndani ya TempleOS

Faili zima la TempleOS halifiki megabaiti 20. Nisijifanye mtafiti, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuipakua: bando lilikuwa linakata roho. Sababu ya pili, nilitaka kucheka. Nani asingetaka kuona mfumo endeshi wa jamaa wa Marekani aliyesema Mungu kamwagiza ajenge hekalu, naye akalijenga ndani ya kompyuta?

Jamaa huyo ni Terry Davis. Kwa zaidi ya miaka kumi aliandika kila kitu peke yake: kiini cha mfumo, kompaila (kinachogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine), sehemu ya kuandikia, magemu, hata lugha yenyewe ya programu, aliyoiita HolyC. Mfumo ulibadilishwa majina mara kadhaa (kuna wakati uliitwa LoseThos) hadi mwaka 2013 ukatulia na TempleOS. Alikuwa na ugonjwa wa akili, skizofrenia, na alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 48.

Kama unataka kujaribu, usiiweke kwenye mashine unayoitegemea. Mimi niliiendesha ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, nikaipa megabaiti 512 za memori, ikatosha na kusaza. Inawaka kabla hujamaliza kupiga funda la chai. Halafu unakutana na skrini ya 640 kwa 480, rangi 16 basi, na maandishi yanayokimbia juu kama tangazo la basi la mkoani. Davis alisema ukubwa huo ni agano, mfano wa tohara. Sauti nayo ni moja tu, ule mlio wa saa za mkononi za zamani. Dakika kumi za mwanzo macho yaliniuma na nilikaribia kuizima.

Intaneti hakuna, kwa makusudi. Nywila hakuna. Mtumiaji ni mmoja, wewe, na programu yoyote inaweza kugusa sehemu yoyote ya memori bila kuomba ruhusa. Usiku wa kwanza niliandika anwani ya memori kwa kubahatisha, kila kitu kikaganda. Kosa langu. Nikaizima, nikaiwasha, sekunde chache nikawa nimerudi palepale. Hapo ndipo nilipoanza kuacha kucheka.

Mahali unapoandika amri ndipo hapohapo unapoandika programu. Hakuna vyumba viwili. Ukiandika maneno ndani ya alama za kunukuu na kumalizia na nukta mkato, yanatokea. Sasa ona hii:

I64 i; for (i=0;i<10;i++) "Shikamoo %d\n",i;

Bonyeza Enter, zinashuka shikamoo kumi. Huhitaji kuunda faili wala kuita maktaba ya programu zilizokwisha kuandikwa, na kompaila hata huioni ikifanya kazi. Nilipojifunza lugha ya programu ya C chuoni, kabla kompyuta haijanisalimu nilikuwa nimeshaandika mistari mitano ya kuiomba. Kitu kingine kilichoniteka ni picha: unabonyeza Ctrl na R, unachora, na mchoro wako unakaa katikati ya mistari ya programu kama neno lingine lolote. Nilichora ngalawa. Ilitoka kama kandambili, lakini ilikuwa hapo, ndani ya programu yenyewe, na nilitumia jioni nzima kuisogeza kwenye skrini.

Kuna kitufe cha F7. Ukikibonyeza, mfumo unakutolea neno la kubahatisha, na ukiongeza Shift unaletewa kifungu cha Biblia. Davis aliamini ni Mungu anayejibu. Mimi ni muumini wa kawaida, hilo naliacha lilivyo. Ila siwezi kuyaacha matusi yake ya kibaguzi, maana aliyatoa hadharani na yaliwalenga watu kama mimi. Wapo wanaosema yote ni ugonjwa. Sijui kama inatosha. Niliendelea kutumia mfumo wake huku hilo likinikaa kooni.

Kwa kazi za kila siku haina nafasi: huwezi kutuma barua pepe, na kufungua PDF sahau. Kwa mtu anayeanza kuandika programu, ningemkalisha hapo wikiendi moja bila kusita. Kwa kweli nilimkalisha mpwa wangu, yuko darasa la sita. Alianza na F7, akacheka maneno ya Kiingereza yaliyokuwa yanaporomoka bila mpangilio. Kisha nikamwonyesha ule mstari wa shikamoo. Akafuta shikamoo, akaweka jina lake, akageuza kumi kuwa elfu moja, na jina likaanza kutiririka mpaka akasimama kitini.

Kesho yake nimefungua Windows niendelee na kazi zangu, kaja kusimama nyuma yangu. Kaikodolea skrini macho kwa muda.

"Mjomba, na hii tunaiandikia wapi?"